Jinsi ya Kutengeneza Kasha la Chuma la Kulinda Kamera ya Mtego Shambani

Wakulima wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, hasa huku bonde la Kilombero, wamekuwa wakiniuliza swali moja kila tunapokutana: "Bwana shamba, kamera tumeshaipata, sasa tunaifungaje isiibiwe wala isitafunwe?" Leo nalijibu kwa urefu, maana nimeona kamera nzuri zikifa ndani ya wiki mbili kwa kukosa kitu ambacho fundi wa kuchomelea wa kijijini anakimaliza kwa nusu siku.

Kwa wasioijua, kamera ya mtego ni kamera ndogo inayofungwa kwenye mti na kuachwa peke yake. Ina sensa inayohisi joto la mwili likipita mbele yake, hapo inajipiga picha yenyewe, mchana au usiku. Usiku inatumia taa ndogondogo za infraredi ambazo jicho la binadamu halizioni, au linaona wekundu hafifu tu. Watafiti wanazitumia miaka mingi. Kule Serengeti, mradi ulioanza 2010 ulitandaza kamera 225 kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125. Na hapa kwetu Udzungwa, yule sange mkubwa mwenye uso wa kijivu alionekana kwa mara ya kwanza kwenye picha ya kamera ya namna hii mwaka 2005. Miaka mitatu baadaye akatangazwa kuwa spishi mpya. Mnyama alikuwepo siku zote, ila hapakuwa na jicho la kumwona.

MKULIMA INAMSAIDIA NINI?

Inamwonyesha nani hasa anakula mazao. Usidhani ni jambo dogo. Nguruwe pori, nungunungu, nyani, kiboko, tembo na ng'ombe wa jirani kila mmoja ana dawa yake. Uzio wa mizinga ya nyuki unaosaidia kwa tembo hauna maana kwa nungunungu anayepita chini. Kulala kibandani usiku kucha hakumzuii nyani, ambaye kazi yake ni ya mchana.

Kuna familia mbili ninazozifahamu, moja ya wakulima na nyingine ya wafugaji, zilizofikia mahali pa kushikiana mapanga kwa sababu ya robo eka ya mahindi. Mwenye shamba alikuwa na hakika ni ng'ombe. Nyayo zilikuwa zimevurugwa na mvua, na kila upande una maneno yake. Mwenyekiti wa kitongoji akashauri watege kamera ya kuazima kabla ya kwenda mbele zaidi. Usiku wa pili ikanasa kundi la nguruwe pori, mama na watoto, saa nane usiku, wakiangusha mabua kama watu waliokodiwa. Usiku wa tano kamera ikapotea, na hadi leo hakuna anayejua ilikokwenda. Picha zilibaki kwa sababu kijana wa pale alikuwa ametoa memori kadi mchana wake. Ugomvi ukaisha kwa kadi ile. Ila mwenye kamera alibaki analalamika, na ana haki.

Faida nyingine ni ya kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 zinaruhusu serikali kutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama hatari kama tembo na kiboko, na kifuta machozi pale mtu anapojeruhiwa au kufariki. Picha yenye tarehe na saa haichukui nafasi ya afisa wanyamapori kuja kukagua shamba, lakini inampa mahali pa kuanzia. Kwa hiyo kabla hujaifunga hakikisha tarehe na saa za kamera ni sahihi. Kamera yenye tarehe ya miaka sita iliyopita itakutia aibu mbele ya watu.

KASHA NI LA KUZUIA NINI?

Hapa watu wengi wanakosea. Wanadhani kasha ni la kuzuia mvua. Kamera nyingi tayari zina mpira wa kuzuia maji kwenye mlango wake. Adui zake wakubwa ni mkono wa binadamu, meno ya fisi na mkonga wa tembo. Fisi hutafuna plastiki, labda kwa harufu ya mikono yetu. Tembo huwa anaona kitu kigeni kwenye mti anaoujua, anakigusa, anakivuta, na plastiki haistahimili hilo. Kasha ni kwa ajili ya hao. Mvua tunaikinga kwa kijipaa kidogo tu.

Ukielewa hilo utaacha kutaka kuziba kila tundu kwa silikoni. Kasha lililozibwa kabisa hushika jasho: mchana hewa ya ndani inapata joto, usiku inapoa, unyevu unaganda kwenye lenzi na picha zinatoka kama zimepigwa ndani ya ukungu. Acha kasha lipumue.

USIWEKE KIOO

Nalisema hili peke yake kwa sababu ndilo linaloharibu kazi kuliko yote. Mtu anatengeneza kasha zuri, halafu anasema ngoja niweke kioo mbele kulinda lenzi. Akirudi baada ya wiki anakuta kadi tupu, anasema kamera ni mbovu.

Sensa haioni kama jicho linavyoona. Inahisi joto linalotoka mwilini mwa mnyama, na joto la aina hiyo halipiti kwenye kioo. Halipiti kwenye plastiki ngumu inayong'aa wala kwenye pespeksi. Ndiyo maana ukiangalia mbele ya kamera yako, pale kwenye sensa utaona kipande cheupe, chembamba, cha plastiki laini yenye mistari. Plastiki ile imechaguliwa kwa sababu inapitisha joto. Ukiweka kioo mbele yake umeifumba macho.

Na hata kama ungeacha sensa wazi ukaweka kioo mbele ya lenzi na taa kwa pamoja, usiku mwanga wa taa utagonga kioo na kurudi kwenye lenzi. Utapata picha nyeupe tupu. Kwa hiyo mbele ya kasha pawe na matundu wazi: la taa, la lenzi, na la sensa. Lenzi ikipata vumbi utaifuta kwa kitambaa laini siku ya kubadilisha betri.

VIPIMO

Chukulia kamera yako ina kimo cha sentimita 14, upana 11 na unene 8. Ndani ya kasha ongeza milimita 6 kwenye upana, yaani 3 kila upande, ili kamera iingie na kutoka bila kugombana. Kwenye kimo ongeza hizo 6, kisha ongeza tena sentimita moja na nusu juu kwa ajili ya chuma cha kufungia nitakachoeleza. Nyuma ongeza sentimita moja na nusu kwa ajili ya vichwa vya skrubu na sponji. Kasha litakuwa, kwa ndani, kimo 16.1, upana 11.6, kina 9.5. Pima kamera YAKO, usinakili namba zangu, maana kila toleo lina mwili wake.

Anza na katoni. Kata, kunja, gundisha, ingiza kamera. Ukiona inakaa vizuri, kunjua ile katoni na umpelekee fundi iwe ramani yake. Fundi akipewa namba za kusema kwa mdomo anaweza kukupa kasha la redio.

Kwa matundu ya mbele kuna ujanja mmoja naupenda. Nenda steshenari, laza kamera kifudifudi kwenye mashine ya fotokopi, toa kopi ya saizi ileile. Umepata picha ya uso wa kamera kwa kipimo halisi. Bandika karatasi hiyo kwenye bati, chora kuzunguka taa, lenzi na sensa, ongeza milimita 5 kila upande. Usibane. Sensa inatazama kwa upana, siyo mbele tu, na tundu dogo linaikatia pembeni. Mnyama atapita upande na kamera isimjue.

KUTENGENEZA

Mwombe fundi bati jeusi la chuma la milimita 2. Kipande cha mabaki cha sentimita 40 kwa 40 kinatosha, na mara nyingi kiko pale pembeni ya karakana kinasubiri. Usikubali bati la mabati lenye rangi ya fedha. Likichomelewa, ile zinki inatoa moshi mweupe unaompa fundi homa na kichwa kumuuma usiku, na pia linang'aa porini. Kasha likikamilika litakuwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi.

Mwili wa kasha una mgongo, mbavu mbili, sakafu na paa, mbele wazi. Paa litokeze mbele kwa sentimita 4 ili mvua isipige lenzi. Likitokeza zaidi ya hapo mwanga wa taa za usiku unagonga chini ya paa na picha inakuwa na doa jeupe juu. Kwenye sakafu toboa matundu mawili ya milimita 5 ya kutolea maji.

Uso wa kasha ni kipande cha pekee, kama mfuniko wa boksi la viatu. Una matundu matatu, na pembeni kushoto na kulia unakunjwa kurudi nyuma sentimita 2, ili ukikaa ukumbatie mbavu za kasha kwa nje. Chini, mbele ya sakafu, chomelea ukanda bapa wa chuma unaosimama sentimita moja. Mafundi wanauita flatibaa. Uso unatumbukizwa kwanza chini nyuma ya ukanda huo, kisha unasukumwa juu mpaka unaingia chini ya paa.

Sasa kufuli. Ukiwa umeshavalisha uso, toboa tundu moja linalopita upande hadi upande: kwenye mkunjo wa uso, ubavu, ubavu wa pili, mkunjo wa pili. Tundu lipite juu ya kamera, kwenye ile nafasi ya sentimita moja na nusu tuliyoiacha. Toboa vyote kwa pamoja, siyo kimoja kimoja, la sivyo havitalingana kamwe. Humo unapitisha chuma cha mviringo cha milimita 12. Mwisho mmoja uchomelewe washa kubwa kisipite, mwisho wa pili utobolewe milimita 6 kwa ajili ya kufuli dogo. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba hakuna kitu kinachopita mbele ya lenzi, na mwizi hawezi kufikia skrubu za kwenye mti bila kufungua kasha kwanza.

Nikiwa karakana na mzee mmoja, fundi alitaka kuongeza misumari nje ya kasha, ncha juu, ili tembo asiguse. "Mzee wangu, tuweke miiba hapa, hataisogelea," akasema. Mzee akamjibu, "Mwanangu, mkonga ukitoboka huyo mnyama atarudi na hasira, na mimi ndiye ninayelala kibandani." Hakuna cha kuongeza hapo. Misumari usiweke.

Ndani ya kasha, nyuma ya kamera, weka sponji nene inayoisukuma kamera mbele mpaka iguse uso. Kukiwa na nafasi kati ya kamera na bati, mwanga wa taa unapenya ndani na kuingia kwenye lenzi. Kata mpira wa tyubu ya baiskeli, ubandike kuzunguka matundu kwa ndani, kamera iukalie. Kingo za matundu zipigwe tupa mpaka zisikate, kisha zipakwe rangi nyeusi isiyong'aa.

Kamera yako ikiwa ni ile ya laini ya simu inayotuma picha, antena lazima itoke nje ya kasha. Chuma kinazuia mtandao. Toboa tundu la antena kwenye paa na ulizungushie mpira.

RANGI

Piga kwanza rangi ya kuzuia kutu, ikikauka piga kijani iliyofifia, kisha madoa ya kahawia kwa sponji. Isiwe rangi ya kung'aa. Halafu liache kasha juani siku nne au tano kabla ya kulipeleka shamba, harufu iishe. Wanyama wanasoma kwa pua kabla ya macho.

KUFUNGA

Tafuta mti mnene usioyumba. Mti mwembamba ukipigwa na upepo, kamera nayo inacheza, na majani yaliyochomwa na jua yanaonekana kwa sensa kama mnyama anayepita. Utarudi na picha elfu mbili za nyasi. Fyeka majani mbele ya kamera kwa mita tatu nne. Kama hakuna mti, simika bomba la chuma kwa zege, kina cha sentimita 60.

Kasha lishikwe na skrubu mbili nene za mbao zenye kichwa cha nati, milimita 10, zinazopita mgongoni kwa ndani. Mti ni wa jirani au wa mbao za kuuza? Basi chomelea pete mbili mgongoni na utumie mnyororo, maana mwenye mti hatapenda chuma ndani ya ubao wake.

Kimo kinategemea unayemtafuta. Kwa nguruwe pori na nungunungu, sentimita 50 kutoka ardhini. Kwa tembo weka juu zaidi ya mita mbili na uinamishe kidogo itazame chini. Mkonga bado unafika. Elekeza lenzi kaskazini au kusini. Ikitazama mashariki au magharibi, jua la asubuhi au la jioni litaingia moja kwa moja. Na usiielekeze moja kwa moja kukata njia ya wanyama, iweke ikitazama njia kwa mshazari, ili mnyama akae muda mrefu mbele yake.

Kivuli ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kasha la chuma juani linakuwa kama kikaango. Hewa ikikaribia joto la mwili wa mnyama, sensa haioni tofauti na haipigi. Mchana wa mwezi wa kumi na moja unaweza kukosa nyani ishirini kwa sababu hiyo tu.

WADUDU NA BETRI

Sisimizi wanapenda ndani ya kasha kwa sababu ni pakavu na pana joto. Paka grisi duara kuzunguka bomba au shina, chini na juu ya kasha, na kwenye mnyororo kama umeutumia. Nyigu wa matope wanajenga kwenye tundu la lenzi, wakague kila ukifika. Ndani tupia vile vifuko vidogo vya chembe za kukausha unavyovikuta kwenye maboksi ya viatu vipya, na uvibadilishe mara kwa mara.

Betri ni zile za AA, saizi ya saa ya ukutani, na kamera nyingi zinataka nne mpaka nane. Usichanganye mpya na zilizotumika. Zile za bei ya chini kabisa zinavuja maji yanayokula chuma cha ndani, na kasha halitakusaidia hapo. Za kuchaji ni nzuri, ila zina volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo kamera nyingine zitasema betri imekwisha mapema.

KWA ASIYE NA HELA YA FUNDI

Dumu la mafuta ya kupikia la lita tano ukilikata mdomo na upande mmoja linakuwa kofia nzuri ya mvua. Lifunge juu ya kamera kwa waya. Mimi nalikubali kwa sehemu moja tu: ndani ya uzio wa nyumbani, kwa mtu anayetafuta kicheche anayekula kuku. Shambani halizuii chochote. Kasha la mbao nalo linafaa kiasi, lakini mchwa hawajali umelitengeneza jana.

RUHUSA NA WATU

Kwenye shamba lako tega. Ardhi ya kijiji, mwambie mtendaji na mwenyekiti kwanza. Ndani ya hifadhi au pori la akiba usitege bila kibali, hata kama ni mita ishirini tu kutoka mpakani. Utakamatwa ukiwa na nia njema. Pia tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usielekeze kamera kwenye njia ya watu, kisimani wala mtoni wanakooga. Ukikuta picha ya mtu asiyehusika, ifute, usiirushe kwenye kundi la WhatsApp la kijiji.

Kabla ya kuiacha, ijaribu. Washa, funga kasha, kisha pita mbele kwa umbali wa mita tano, mara moja ukiwa umesimama na mara moja ukiwa umeinama kimo cha nguruwe. Rudia giza likiingia. Toa kadi uangalie kwenye simu au kompyuta. Ukijiona mzima kichwa mpaka miguu bila doa jeupe, funga kufuli uondoke, na urudi baada ya siku tatu, usisubiri mwezi. Ufunguo wa pili mwachie mtu wa nyumbani anayejua kasha lilipo.